Samaki Wenu Wanakufa? Acheni Kulaumiana, Angalieni Maji

Mwezi huu safu yetu imetua Moshi, mji wa watu wanaopenda nyumba iwe na bustani ya ukweli. Kuanzia Shanty Town na Rau mpaka huko juu Kibosho, Machame na Marangu, si ajabu ukibisha hodi kwa wanandoa vijana ukakuta kijibwawa cha samaki mbele ya baraza. Kinapendeza ile mbaya, na ukitoka kazini umechoka, kukaa pembeni yake na mwenzako ni raha tupu.

Noma inaanza asubuhi ile mnapoamka na kukuta samaki watano wanaelea matumbo juu. Mume anasema mke kasahau kuwalisha. Mke anasema mume kauziwa samaki wagonjwa. Dada wa kazi naye anaunganishwa kwenye kesi. Jamani! Mara nyingi kilichowaua ni maji, na maji yenyewe yameharibiwa na huduma yenu ya kupita kiasi.

Chakula kingi ni sumu

Samaki anajisaidia humo humo anamoishi. Kinyesi na chakula kilichobaki vikioza hutoa amonia, ambayo huunguza mashavu anayopumulia. Wapo bakteria wazuri wanaokaa kwenye mawe, kuta na chujio ambao huigeuza amonia hatua kwa hatua mpaka ikawa kitu kisicho na madhara makubwa. Tatizo ni kwamba kwenye bwawa jipya bakteria hao huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Ndiyo maana unashauriwa kuanza na samaki wachache, sio kujaza siku ya kwanza ili picha itoke bomba.

Sasa angalia kinachotokea nyumbani. Mke anawalisha asubuhi, mume akirudi jioni anawatupia tena, mgeni naye anamalizia na kipande cha mkate. Dawa ni kikombe kimoja. Asubuhi wekeni humo chakula cha siku nzima. Kikiwa kitupu, wameshakula, basi! Na kila mara wapeni kile tu wanachomaliza ndani ya dakika 5. Huko juu mlimani, Juni mpaka Agosti maji yakiwa ya baridi, perege na sato hupoteza hamu ya kula, hivyo punguzeni zaidi.

Pampu ni ya usiku, sio ya wageni

Wengi wana pampu ya kurusha maji juu. Wageni wakija Jumapili inawashwa, usiku inazimwa ili umeme wa LUKU usiishe. Mnafanya kinyume! Mchana, mwani na mimea ya majini hutengeneza oksijeni. Usiku navyo huivuta, pamoja na samaki. Ikifika alfajiri hewa imebaki kiduchu, ndipo mnawaona samaki wamekuja juu wanafungua na kufunga midomo. Hawaombi chakula, wanatafuta pumzi.

Kumbukeni pia mko mlimani. Moshi mjini penyewe ni kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na Marangu ni juu zaidi. Kwa joto lile lile, kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyoshika oksijeni kidogo zaidi. Kama umeme ni wa kubana, zimeni mchana, washeni usiku.

Je, rangi ya kijani? Kijani hafifu sio ugonjwa. Zamisha mkono mpaka kiwiko. Kama kiganja kinapotea machoni kabla maji hayajafika hata katikati ya mkono, mwani umezidi. Punguzeni chakula, ongezeni kivuli, na muondoe majani ya migomba na miparachichi yaliyoangukia ndani.

Msimwage maji yote!

Hapa ndipo wengi wanapowamalizia samaki waliobaki. Mkiona wawili wamekufa, mnaingiwa na hofu, mnamwaga maji yote, mnasugua kuta kwa sabuni na jiki, kisha mnajaza maji ya bomba yaliyotoka kwenye mpira sasa hivi. Bakteria wazuri wameondoka, joto la maji limebadilika ghafla, na klorini inayowekwa ili sisi tunywe maji salama inawaunguza samaki.

Njia ya uhakika: simamisheni chakula siku hiyo. Toeni kama sehemu moja ya tano ya maji na kurudishia yaliyokaa kwenye pipa lililo wazi kwa siku moja au mbili. Yamwageni kutoka juu ili yachukue hewa. Fanyeni hivyo kila wiki, hata kama hakuna aliyekufa. Chujio lioshwe kwa maji ya bwawa lenyewe. Na kama bwawa ni la saruji mpya, lijazeni na kulimwaga mara kadhaa kabla ya kuweka samaki, maana saruji huchafua maji kwa chokaa yake.

Mfongo unapita shambani kwa nani?

Kule vihambani, wengi huvuta maji ya mfongo. Hayana klorini, safi. Lakini ulizeni huko juu yamepita wapi. Dawa za kahawa zenye shaba, zile za bluu, ni hatari kwa samaki, na dawa nyingi za kuua wadudu ni hatari zaidi. Elewaneni na majirani wawape taarifa kabla ya kupulizia, nanyi mfunge mlango wa maji siku hizo, na siku ya mvua kubwa inayofuatia. Maji ya mfongo ni ya wote na yana zamu zake, kwa hiyo heshimuni utaratibu wa kijiji.

Mwisho, kaeni chini mgawane: mmoja ashike kikombe cha chakula, mwingine pipa na pampu, mwezi ukiisha mbadilishane. Atakayeona samaki wamekuja juu alfajiri amwamshe mwenzake bila kumtafutia kosa. Ukimtunzia mwenzako pumzi, hata samaki watapona.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.