Maoni: Wanafunzi wa Kasongo na Kabambare wajua Bastille, Nyangwe hawaulizwi

Katika mashindano ya génie en herbe, swali la Bastille halimalizwi kusomwa. Mwenye kuuliza akifika tu kwenye maneno « tarehe 14 mwezi wa saba 1789 », mikono iko juu tayari. Ni vilevile kwa Christophe Colomb na mwaka 1492, kwa Napoléon na Waterloo kunako 1815, kwa mkutano wa Berlin uliofunguliwa 1884. Wanafunzi wa sekondari wa kusini mwa Maniema hawakosi kumbukumbu. Lakini sogeza kalenda siku moja tu mbele, hadi tarehe 15 mwezi wa saba, utaje mwaka 1871, na mara nyingi hakuna mkono unaoinuka. Na jambo hilo halikutokea Paris. Lilitokea Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ndani ya wilaya ya Kasongo yenyewe.

Mchezo wenyewe hauna kosa. Hauhitaji kompyuta wala umeme. Unahitaji daftari la maswali, saa ya mkononi na wanafunzi wanaotaka kushinda. Tena unafanana sana na kile kinachowangoja mwisho wa mwaka wa sita: katika Exetat, siku ya culture générale, historia huja kwa maswali mafupi yenye majibu ya kuchagua. Mwanafunzi aliyezoea kujibu haraka siku ya posho haogopi karatasi ile. Kasoro iko kwenye daftari. Maswali yamenakiliwa kutoka daftari lingine, ambalo nalo lilinakiliwa kutoka kitabu cha zamani, na kitabu hicho kiliandikwa na watu ambao kwao dunia inaanzia Ulaya. Kwa hiyo « historia ya dunia » inageuka kuwa historia ya mahali pengine, huku dunia hiyohiyo ilipita Kasongo na Kabambare kwa miguu, ikalala hapo, ikaugua hapo, ikaua hapo.

Tuanze na Nyangwe. Mwaka 1871 soko la Nyangwe lilikuwa kubwa, na wengi waliokuja kuuza na kununua walikuwa wanawake kutoka ng'ambo zote mbili za mto. David Livingstone, Mskoti aliyekuwa akitafuta chemchemi za mto Nili, alikuwa amefika huko mwezi wa tatu na alikwama kwa kukosa mitumbwi. Tarehe 15 mwezi wa saba aliona watu wa Dugumbe, mfanyabiashara mkubwa wa pale, wakifyatua bunduki katikati ya soko. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kuzama, wengi wakafa maji. Hesabu aliyopewa Livingstone na wafanyabiashara wenyewe ilikuwa kati ya watu 330 na 400.

Kilichofuata ndicho kinachofaa kuulizwa katika shule yoyote duniani. Livingstone alikataa kuendelea na watu wale, akarudi mashariki hadi Ujiji akiwa mgonjwa na hana kitu. Huko ndiko Henry Morton Stanley alikomkuta mwishoni mwa 1871, katika mkutano ambao kila kitabu cha Kizungu kinausimulia. Habari za Nyangwe zilifika London, zikasomwa, zikatia nguvu mikononi mwa wale waliokuwa wakipinga biashara ya watumwa. Mwezi wa sita 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Uingereza, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Mkataba huo ulikuwa na sababu nyingi, na damu ya Nyangwe ilikuwa mojawapo. Mwanafunzi anayekariri « Stanley alimkuta Livingstone Ujiji » bila kujua Livingstone alikuwa anatoka wapi na kwa nini, amepewa mkia wa hadithi tu.

Kabambare nayo isikae nyuma. Jina « Bambarre » linaloonekana katika maandishi ya Livingstone ni Kabambare. Alifika huko mara ya kwanza mwezi wa tisa 1869, na baadaye alilazwa huko miezi mingi, kuanzia katikati ya 1870 hadi mwanzo wa 1871, miguu ikiwa na vidonda visivyopona. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa Manyema alisoma Biblia nzima mara nne. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Akaanza kuandika juu ya magazeti ya zamani, akivukisha mistari yake juu ya maandishi ya chapa, kwa wino aliotengeneza kutokana na matunda ya mimea ya hapo. Kwa miaka zaidi ya mia moja kurasa hizo hazikusomeka vizuri, maana wino ule ulififia. Ni kunako 2010 na 2011 tu ndipo watafiti walipotumia picha za mwanga maalum kuzisoma upya, wakianza na barua aliyoiandika Kabambare tarehe 5 mwezi wa pili 1871. Ikaonekana kwamba kitabu kilichochapishwa London mwaka 1874, baada ya kifo chake, hakikufanana kila mahali na kile alichokiandika kwa mkono wake.

Hilo ni swali la historia, la kemia na la fizikia kwa pamoja. Mwalimu wa section biochimie pa Kabambare angeweza kulitumia asubuhi, na wa historia akalichukua mchana. Lakini nani amewahi kulisoma katika daftari la maswali?

Tippu Tip anatajwa, ni kweli. Anatajwa kwa neno moja: mfanyabiashara wa watumwa. Neno hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar, aliingia nchi hii akijidai mbele ya mtawala mmoja kwamba ni mjukuu wa ukoo wake, kwa njia ya mama aliyetekwa zamani, na akapewa utawala. Mwaka 1876 alikubali kumsindikiza Stanley kuteremka Lualaba kwa ahadi ya dola 5,000. Cameron, Mwingereza aliyepita Nyangwe mwaka 1874, alikuwa ameshindwa kuuteremka mto ule. Stanley aliondoka Nyangwe mwezi wa kumi na moja 1876 na kufika Boma mwezi wa nane 1877, na hapo ndipo Wazungu walipohakikisha kwamba Lualaba ni Kongo, si Nili. Mwaka 1887 Tippu Tip huyo alipewa na dola la Leopold II kazi ya wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Aliyeitwa adui wa ustaarabu alikuwa kwanza mtumishi wa serikali ya mfalme. Na pembe za ndovu zilizotoka bara na kupitia Zanzibar ziliishia mbali sana: sehemu kubwa ilikatwa vipande katika viwanda vya Connecticut, Marekani, kutengeneza vibao vya piano. Nani alizibeba hadi pwani? Hapo mwanafunzi hahitaji kitabu, aanze kwa kuuliza wazee.

Sasa swali lenyewe gumu. Katika maswali ya zamani yapo yenye umbo hili: nani aliikomboa Maniema kutoka kwa Waarabu? Jibu linalongojwa ni Dhanis. Tarehe zinajulikana: Nyangwe iliangushwa mwezi wa tatu 1893, Kasongo tarehe 22 mwezi wa nne 1893, Kabambare mwezi wa kwanza 1894. Mganga Mwingereza aliyefuatana na jeshi hilo, Sidney Hinde, aliandika juu ya Kasongo waliyoiteka: bustani za matunda, mashamba yaliyolimwa vizuri, nyumba zenye vitanda vya kuchonga na magodoro ya hariri ambamo askari walilala. Mji uliokuwa mkuu kuliko Nyangwe uliporwa.

Neno « aliikomboa » ndilo lenye matata. Dhanis alishinda kwa sababu Gongo Lutete, mkuu wa vita aliyekuwa upande wa Tippu Tip, aligeuka mwaka 1892 akajiunga naye na watu wake wengi. Mwezi wa tisa 1893 Gongo Lutete huyo alihukumiwa na maofisa wa Kizungu kule Ngandu kwa mashitaka ya uhaini, akapigwa risasi. Dhanis alipandishwa cheo akawa baroni. Askari hawakusahau: waliasi Luluabourg mwaka 1895, na kifo cha Gongo Lutete kilikuwa moja ya sababu. Wengine waliasi mwaka 1897 walipokuwa wakipelekwa kaskazini kuelekea Nili, katika mbio zilezile za Wazungu zilizowakutanisha Wafaransa na Waingereza pale Fashoda. Waasi hao walishuka hadi Kabambare na kuiteka mwaka 1898. Fashoda iko katika vitabu vyote. Kabambare ya mwaka uleule haimo. Na huko Blankenberge, pwani ya Ubelgiji, kuna mnara wa tangu 1900 wa kuwakumbuka Lippens na De Bruyne, wanajeshi wawili waliouawa Kasongo. Waliokufa maji Nyangwe hawana mnara unaofanana na huo.

Wapo walimu na maprefe wanaosema ni afadhali kuyaacha haya. Hoja yao si ya bure. Katika darasa moja pa Kasongo wanaketi watoto wa waliotekwa, watoto wa waliotekwa wakawa wenye kubeba bunduki, na watoto wa Waungwana ambao mpaka leo wanaambiwa siku ya ugomvi kwamba wao ni wageni, kwa sababu ya jina, kanzu au msikiti. Swali baya linaweza kumwonyesha mtoto kidole mbele ya wenzake. Ila kunyamaza hakumlindi mtoto huyo. Anayemwita mgeni hajanyamaza. Yeye anayo historia yake tayari, fupi na yenye chuki, aliyoipata njiani. Mtoto aliyejifunza kwamba watu wengi waliopigana upande wa Waarabu walikuwa wazaliwa wa nchi hii hii, na kwamba waliopigana upande wa Dhanis walikuwa hivyo hivyo, ana la kujibu. Hatalazimika kumfanya Tippu Tip kuwa shujaa. Hakuwa shujaa. Wala Dhanis.

Umbo la swali linaweza kubadilishwa bila kuharibu mchezo. Badala ya « nani aliikomboa Maniema? », swali liwe « nani aliamuru jeshi la dola la Leopold lililoingia Kasongo mwaka 1893? » Jibu ni lilelile, alama ni zilezile, lakini halimlazimishi mwanafunzi kumshukuru mtu.

Hoja ya pili ni ya program: maswali ya Exetat yanatoka Kinshasa, na hakuna atakayeuliza juu ya Kabambare. Huenda. Lakini mkutano wa Berlin unaulizwa, dola la Leopold linaulizwa, biashara ya watumwa inaulizwa, na mwanafunzi hukumbuka tarehe iliyofungwa kwenye mahali anapopajua. Kuna hoja ya tatu, ya vitabu, na hiyo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Shule nyingi hazina maktaba. Upande wa Kabambare, kwenye dhahabu ya Namoya na Salamabila, kuna miaka ambapo kufungua darasa tu kulikuwa kazi kwa ajili ya wenye silaha. Kumwambia mwalimu wa huko atafute kitabu cha 1897 ni mzaha. Kwa hiyo inspection ya elimu, dayosisi na jamii ya Waislamu, wote wenye shule, wangeweza kukaa pamoja na kutoa karatasi kumi tu za maswali yaliyohakikishwa. Kumi zinachapwa kwa siku moja na kubebwa kwa pikipiki.

Maswali mengine si ya vita. Mwaka 1981 jarida la tiba la The Lancet la London lilichapisha utafiti juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wenye miezi 7 hadi 35, na wataalamu wa nchi nyingi wakabishana juu yake kwa miaka. Jina Manyema liko kwenye msikiti wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wajukuu wa watu wa huku wako Ujiji na Bujumbura. Na masimulizi ya maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kabla ya kufa Zanzibar mwaka 1905, yalichapishwa kwanza Berlin mnamo 1902 na 1903. Lugha yake si Kifaransa wala Kijerumani. Ni Kiswahili, ambacho mwanafunzi wa mwaka wa tatu pa Kasongo angekisoma na kukielewa zaidi ya anavyoelewa manuel yake.

Swali la kwanza la karatasi hizo linaweza kuwa hili. Mji wa Tippu Tip haukuwa pale ilipo Kasongo ya leo. Ulikuwa mahali ambapo katika miaka ya 2010 wanaakiolojia walichimba na kutafuta mabaki yake. Mahali hapo panaitwa Tongoni. Kwa nini? Hakuna haja ya kwenda kwenye kamusi ya Kifaransa: mwanafunzi amuulize bibi yake tongo ni nini, atamwambia ni mahali watu walipokuwa wakikaa, wakahama.