Kihisi cha Kamera na Hadaa ya “Inasemekana”

Kila kamera mpya ya dijitali inapozinduliwa, huzuka mjadala kuhusu swali ambalo aghalabu kampuni yenye kamera hulikalia kimya: je, kihisi kilichomo ndani yake kimeundwa na nani? Kihisi ni kile kipande cha silikoni kikaacho nyuma ya lenzi, kikaupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme, na umeme huo ukageuzwa kuwa tarakimu. Aina yake ya awali, CCD, ilibuniwa na Willard Boyle na George Smith katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1969, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Siku hizi aina iliyoenea ni CMOS, na ndiyo iliyomo katika simu tunazobeba mifukoni.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili lamhusu nini mwalimu wa Kakamega au mwanafunzi wa Voi? Mimi si fundi wa kamera. Kazi yangu ni kusomesha isimu. Hata hivyo, naamini kwamba mjadala huu ni darasa zuri la kupima ushahidi na kusoma maneno kwa makini.

Tuchukue mfano mmoja. Mnamo Februari 2012, kampuni ya Olympus ya Japani ilizindua kamera ya OM-D E-M5, yenye kihisi cha megapikseli 16. Haikutaja aliyekiunda. Wengi walikata shauri kwamba ni Panasonic. Hoja zao zilikuwa mbili. Kwanza, Olympus na Panasonic ndizo zilizoanzisha pamoja mfumo wa Micro Four Thirds mwaka 2008. Pili, Panasonic tayari ilikuwa na kamera yake, GX1, yenye idadi iyo hiyo ya megapikseli. Wengine walizitazama picha zenyewe, wakaona kwamba E-M5 ilihifadhi maelezo ya sehemu za giza kuliko kamera za Panasonic za wakati huo, wakashuku kwamba kihisi chatoka kwa Sony. Hatimaye Olympus yenyewe ilithibitisha kwamba muundaji ni Sony.

Tuangalie sasa mbinu za pande hizo mbili. Kundi la kwanza lilitegemea ujirani: fulani ni rafiki wa fulani, basi chombo ni cha rafikiye. Lakini mnamo Septemba 2012, Sony ilitangaza kwamba ingewekeza yeni bilioni 50 katika Olympus. Mtu aliyetumia hoja ya urafiki mwezi Februari angetaja Panasonic. Angeitumia tena mwezi Oktoba, angetaja Sony. Kihisi hakikubadilika hata chembe. Mbinu inayotoa majibu mawili kuhusu kitu kimoja haiwezi kuitwa ushahidi, hata pale inapobahatika kulenga. Kundi la pili angalau lilikitazama kitu chenyewe. Nalo lilikuwa na dalili tu, kwa kuwa ubora wa picha hutegemea pia namna kamera inavyozichakata tarakimu zake. Ushahidi wa kutosha hupatikana ama mtengenezaji anaposema, ama kifaa kinapofunguliwa na kipande cha silikoni kuchunguzwa kwa hadubini, kazi ambayo kampuni ya Chipworks ya Ottawa, Kanada, ilisifika nayo.

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hutumiwa mno kuupa uvumi sura ya ukweli. Lakini ilisemwa kwamba kihisi ni cha Panasonic, na ikasemwa pia kwamba ni cha Sony. Yote mawili hayangeweza kuwapo. Tazama pia kitenzi chenyewe cha uvumi: “inasemekana”. Kinatuarifu kwamba jambo lasemwa, kisha kinamficha msemaji. Mwanafunzi anayekiandika katika insha yake hana budi kuulizwa: imesemwa na nani, naye amejuaje?

Makampuni nayo ni mahodari wa sarufi. Kauli ya kutendwa huruhusu mtenda asitajwe. Sentensi kama “kihisi kimetengenezwa mahsusi kwa kamera hii” ni sahihi kabisa, ila ina “kwa” na haina “na”: yatueleza kimetengenezewa nini, si kimetengenezwa na nani. Hali kadhalika, kubuni si kuunda. Nikon ilipozindua kamera ya D850 mwaka 2017, ilisisitiza kwamba kihisi kilibuniwa na Nikon. Kauli hiyo yahusu michoro. Haisemi ni kiwanda gani kilichoichonga silikoni.

Wapo watakaotetea kimya hicho kwamba ni siri ya biashara. Sikatai kwamba biashara ina siri zake. Lakini mwaka uo huo wa 2012, Leica ya Ujerumani ilipotoa kamera yake mpya ya M, ilijulikana waziwazi kwamba kihisi kilibuniwa na CMOSIS ya Ubelgiji na kuundwa na STMicroelectronics huko Grenoble, Ufaransa. Heshima ya Leica haikupungua. Kimya, basi, ni uamuzi, si sharti.

Tena ni uamuzi wenye gharama kwa mnunuzi. Mnamo Aprili 2016, matetemeko ya ardhi yaliupiga mkoa wa Kumamoto, Japani, na kiwanda cha Sony cha vihisi kikasimamisha uzalishaji kwa wiki kadhaa. Nikon, mshindani wa Sony sokoni, ilitangaza kuchelewa kwa baadhi ya kamera zake kutokana na janga hilo. Majina yaliyoandikwa juu ya kamera ni mengi. Viwanda vilivyo chini ya majina hayo ni vichache. Anayedhani kwamba anachagua kati ya makampuni kumi huenda anachagua kati ya makasha tu.

Nawasihi walimu wenzangu walipeleke jambo hili darasani. Mwape wanafunzi tangazo lolote la biashara, au hata taarifa ya ofisi ya serikali, wapigie mstari kila kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa, kisha wamtafute mtenda. Kando yake wachore safu tatu: lililosemwa na mhusika, lililo dalili, na lililothibitishwa. Leo watauliza kihisi kimeundwa na nani. Kesho watasoma kwamba “fedha zimetumika” au “makosa yamefanyika”, na watakuwa wamekwisha kuzoea kuuliza: na nani?