Mbwa mkali si kufuli

Kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, ni vigumu kupita mtaa wa wenye nacho bila kuona lango lililoandikwa "Mbwa Kali". Siku hizi fahari hiyo imetufikia hata sisi tunaofanya biashara kati ya Mbarara, Rugaaga na mpaka wa Tanzania kule Kikagati. Mwenye duka akishavunjiwa mara mbili, hafikirii tena mlinzi bali mbwa. Na anayetajwa zaidi ni Rottweiler, yule mweusi mwenye mabaka ya kahawia na taya pana.

Simlaumu anayetaka kulala usingizi. Mchuuzi aliyefungia magunia ya maharage nyuma ya duka anajua thamani ya sauti inayobweka saa nane za usiku. Tena kazi hii ni ya mbwa huyo tangu asili. Jina lake limetokana na mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako wachinjaji na wafanyabiashara wa ng'ombe walimtumia kuswaga mifugo, kuvuta mikokoteni na kulinda mali. Ni mbwa wa watu wa minada, kama sisi. Akilelewa vyema huwa mtulivu, huwapenda watu wa nyumbani, na mara nyingi kusimama kwake tu kwatosha kumrudisha mwizi alikotoka.

Hata hivyo, wengi wetu tunamnunua mbwa kama tunavyonunua kufuli. Kufuli halili, haliugui, wala halimng'ati mtoto wa jirani aliyetumwa maji.

Tuanze na chakula. Dume aliyekomaa huweza kufikia kilo 50 au zaidi, na huishi miaka tisa au kumi. Hawezi kushiba makombo ya posho. Anahitaji nyama, matumbo au dagaa, na maji safi kila siku. Katika makazi ya Nakivale, ambako familia nyingi zinahesabu mgawo wao wa chakula, anayetaka mnyama huyu ajiulize kwanza atamlisha nini bila kuwapunja watoto wake. Mbwa mwenye njaa hutoroka kutafuta chakula, na akishatoroka si mlinzi tena.

Pili ni malezi. Samaki mkunje angali mbichi. Wapo wanaomfunga mbwa kwa mnyororo kutwa nzima na kumchokoza, eti awe mkali. Mbwa wa namna hiyo hatofautishi mwizi na mgeni. Kwake kila apitaye ni adui. Azoeshwe tangu mdogo kuona watoto, wageni na boda boda, na kumtii mwenyewe. Aidha, pawe na ua madhubuti. Mbwa hazuiwi na kibao cha langoni.

Tatu, na hili halina mjadala, ni chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huo huambukizwa na mbwa. Mtoto wa mbwa achanjwe afikapo miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo anavyoelekeza. Aliyeng'atwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asisubiri dalili, asipakwe dawa za kienyeji. Gharama zibebwe na mwenye mbwa, bila kujificha na bila kusubiri kuitwa kwa mwenyekiti wa kijiji.

Nne ni ujirani. Nakivale wanaishi Wakongo, Wasomali, Warundi, Wanyarwanda na wengineo. Muislamu anayekwenda swala ya alfajiri hapendi kuguswa na mate ya mbwa, ingawa dini yake inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda. Wapo pia waliokimbia vita na kuona mbwa wakifanya mambo yasiyosimulika. Hofu yao si dharau kwako. Mfungie mbwa wako mchana, mfungulie usiku ndani ya ua.

Nanyi mnaojiandaa kurudi makwenu, msimwache mbwa njiani. Aachwaye leo ndiye mbwa koko wa kesho, na watakaoumwa ni watoto wa wale mliowaaga. Ukitaka kuvuka naye, tafuta mapema cheti cha chanjo na kibali cha ofisi ya mifugo. Ukishindwa, mkabidhi mtu anayeweza kumtunza.

Atasema mtu kwamba wezi hawatatusubiri tujenge ua. Ni kweli. Lakini kwa wengi wetu mbwa wa kawaida wa kijijini, aliyechanjwa na anayeshiba, anayebweka mtu akikaribia, anatosha. Wenye maduka kumi wakichanga fedha, wanaweza kumlipa mlinzi wa usiku.

Mwenye ua, chakula na muda amlete Rottweiler wake, naye atapata rafiki na mlinzi kwa pamoja. Asiye na hivyo vitatu atakuwa ameleta hatari, na wa kwanza kuilipia atakuwa mtoto wa jirani.