Mlima ni Wetu, Mchango Nao Uwe Wetu

Katika mkutano wa tawi letu mwanachama mmoja alisimama akauliza: "Mwatutaka tutoe fedha ili kijana akacheze baisikeli mlimani pamoja na matajiri?" Watu wakapiga makofi. Sisi tuliokaa mezani hatukuudhika, kwani swali lile ni la haki, na yafaa lijibiwe hapa mbele ya wote.

Mashindano yenyewe ni yale ya Mlima Kenya yaitwayo 10to4, kwa maana waendeshaji huanza juu msituni kwenye futi 10,000, wakateremka mpaka nchi ya ukame ya futi 4,000. Ni kazi ya siku 3. Njia ni mizizi, mawe na vumbi; vidole hufa ganzi kwa kushika breki, na mpira ukitoboka waziba mwenyewe. Fedha zipatikanazo huenda kwa Mount Kenya Trust, ambayo ina askari wa doria wanaong'oa mitego na kuwazuia wakata miti, tena hupanda miche mahali palipoharibiwa.

Je, hayo ni mambo ya matajiri? Mto Tana na Uaso Nyiro hupata maji katika mlima huo. Maji ya Tana ndiyo yazungushayo mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mpunga wa Mwea nao hunywa huko huko. Msitu ukiisha, atakayelia kwanza ni yule asiye na baisikeli.

Lakini lawama moja twaikubali. Ada ya kuingia ni kubwa kwa mtu wa kijijini, na baisikeli za kazi hiyo ni ghali mno. Kijana apandishaye mlima kila alfajiri na mitungi ya maziwa nyuma ya baisikeli nzito ya chuma ana miguu na pumzi kuwashinda wengi wa hao, lakini yeye husimama kando ya njia akiwapungia mkono. Hilo latuuma. Uhuru tuliupata 1963. Haifai mlima wetu ulindwe kwa jasho la wageni, sisi tukitazama. Wageni hatuwalaumu. Wao wamekuja, wametoa, na asante tunawapa.

Basi twasema: kila tawi lililo karibu na mlima lichague mwendeshaji wake, mwanamume au mwanamke, na wanachama wachange wawezacho, hata shilingi 20. Kila mchango uandikiwe stakabadhi, na hesabu isomwe mkutanoni kwa sauti: ada kiasi gani, vipuri kiasi gani, na kilichofika msituni kiasi gani. Tumewahi kuona michango ikipotelea njiani, na hatujasahau. Mzee aliyetoa shilingi 20 asiambiwe anyamaze.

Tawi letu limekwisha anza. Kijana wetu ameazimwa baisikeli, ila mpira wa nyuma umelika na kofia hana. Ndugu mwenye kofia na ailete kwa katibu kabla ya Jumamosi.