Kabla ya Kuuliza Nchi, Tuulize Msimamizi ni Nani

 

Ndugu Waislamu, hivi karibuni, baada ya swala ya Alasiri hapa Shirimatunda, kijana wetu mmoja mwenye shahada ya uzamili ya kemia alisimama mbele ya jamaa akiwa na barua mbili za kukubaliwa masomo ya uzamivu. Moja ilitoka chuo kikuu cha ng'ambo. Ya pili ilitoka Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, Arusha, ambayo ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011. Jamaa wakauliza: "Ng'ambo nchi gani?" Alipoitaja, takbir zikasikika, na papo hapo ukaanza mchango wa nauli. Baba yake akasema yu tayari kuuza sehemu ya kihamba. Wachaga wenzangu wanafahamu uzito wa neno hilo.

Hakuna aliyeuliza ni nani atakayemsimamia. Nilipoisoma ile barua ya ng'ambo, nafasi ya jina la msimamizi ilikuwa tupu.

Shahada ya kwanza mtu huisoma kwa darasa, ratiba na mitihani, na akimkosa mwalimu mmoja humpata mwingine. Uzamivu wa sayansi sivyo ulivyo. Mwanafunzi hukabidhiwa kwa mtu mmoja kwa miaka mitatu, minne, pengine saba. Huyo ndiye mwenye ufunguo wa maabara na fedha za kununulia kemikali, ndiye anayesoma tasnifu au kuiacha mezani, na ndiye ambaye barua yake itamfuata mwanafunzi katika kila kazi atakayoiomba. Mimi sikusoma sayansi, nilisoma kwa Kiarabu. Lakini neno mushrif nalijua uchungu wake, kwani nilichagua chuo kwa sifa ya jina, nikapangiwa msimamizi ambaye kwa mwaka mzima alinijibu mara mbili.

Na ajabu ni kwamba elimu hii tulikuwa nayo. Imam az-Zarnuji, katika kitabu chake Ta'lim al-Muta'allim, ametenga mlango wa kuchagua elimu, mwalimu na mwenza. Humo amepokea nasaha kwa mwenye kwenda Bukhara kutafuta elimu: asiharakishe kujiunga na imamu yeyote, bali akae miezi miwili akitafakari. Ametaja pia kwamba Abu Hanifa alimchagua Hammad bin Abi Sulayman baada ya kutafakari, kisha akadumu naye. Leo sisi tunachagua kwa takbir moja.

Wapo watakaosema: je, kijana wa Kiislamu akamchague msimamizi asiyekuwa Muislamu? Swali hili limeulizwa sana hapa Moshi, kwa kuwa hospitali ya KCMC na chuo chake, ambako utafiti wa tiba umeshamiri, ni vya Kanisa. Jibu langu nalitoa katika Hijra. Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr (r.a.) walipotoka Makka walimwajiri Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, naye alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Kwa mujibu wa riwaya ya Bibi Aisha (r.a.) katika Sahih al-Bukhari, alikuwa mjuzi wa njia, nao walimwamini, wakamkabidhi ngamia wao wawili na kuahidiana wakutane katika pango la Thawr baada ya siku tatu. Tazameni sifa zilizotangulizwa: ujuzi wa njia na uaminifu. Katika ile barua ya ng'ambo hatukuweza kuulizia hata moja kati ya hizo, maana mtu mwenyewe hakuwapo.

Kijana huyu anataka kutafiti madini ya floridi katika maji ya kunywa. Watu wa Arumeru na Hai hawahitaji kuelezwa. Miamba ya volkano huyatia madini hayo majini, na meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia. Yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Kwa somo hili, Tengeru ni jirani na visima vyenyewe. Simaanishi kwamba ng'ambo hakufai. La hasha! Akipatikana huko bingwa wa maji aliye tayari kumpokea kwa jina lake, na aende, ili mradi ahakikishe shahada ya chuo hicho inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu.

Nini basi cha kuuliza? Kwanza, awatafute waliosimamiwa na mtu huyo, si wale tu atakaoelekezwa na yeye mwenyewe. Waliomaliza ni wangapi na kwa miaka mingapi? Walioacha waliacha kwa nini? Hawa wa mwisho ndio wenye habari. Makala zikichapishwa majaridani, jina la nani hutangulia? Fedha za utafiti zitatosha hadi lini, na je, msimamizi yu karibu kustaafu? Kwa mabinti zetu liko jambo la ziada: mazungumzo yafanyike mlango ukiwa wazi au pakiwa na mtu wa tatu, na hilo lisemwe mapema bila haya. Msimamizi atakayeudhika kwa sharti hilo amekwisha kujieleza.

Masharti ya mwanzo yana asili yake. Katika Surat al-Kahf, Nabii Musa (a.s.) aliomba kumfuata mja yule mwema ili afundishwe, akapewa sharti kabla ya safari kuanza. Walipoachana, waliachana kwa maelezo. Wanafunzi wengi wa uzamivu huachana na wasimamizi wao bila sharti la mwanzo wala maelezo ya mwisho.

Hapa karibu yetu pia pana kisa. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Wanafunzi wenzake walicheka, lakini Osborne aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori cha Mweka, huku huku mlimani kwetu. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya matokeo yale. Swali lilikuwa lile lile kwa walimu wote wawili.

Tumemwomba mzee asiuze kihamba kwanza, na mchango umewekwa kwa mhazini. Kijana ameswali istikhara, kisha akaandika barua pepe mbili, kila chuo yake, akiuliza jina la msimamizi na anuani za wanafunzi wake wa zamani. Tengeru wamejibu siku ya tatu. Ya ng'ambo tunaisubiri.