Usimlipe Fundi Kabla Hujaangalia Fayawali

Wacha tuanze na kisa ambacho wenye maduka wengi wanakijua. Printa ya risiti imekataa, wateja wamepanga foleni, fundi anaitwa. Anabonyeza hapa na pale, printa inachapa, kila mtu anafurahi. Kumbe fundi amezima fayawali, na hakuna anayekumbuka kuiwasha tena.

Maoni yetu ni haya: kuzima fayawali ili printa ifanye kazi ni kama kung'oa mlango wa duka kwa sababu kitasa kinakwama.

Fayawali ni ukuta wa ulinzi uliomo ndani ya kompyuta yenyewe. Hununui chochote. Kazi yake kubwa ni kuzuia mawasiliano yanayobisha hodi kutoka nje bila wewe kuyaita. Mwaka wa 2003, kirusi kilichoitwa Blaster kiliingia kwenye kompyuta nyingi za Windows bila mwenyewe kubonyeza kitu. Kuwa kwenye intaneti tu kulitosha. Mwaka wa 2004, Microsoft ikasasisha Windows XP ili fayawali iwe imewashwa tangu mwanzo, na mpaka leo Windows huja hivyo. Wewe wa Mac, angalia mwenyewe, kwa sababu kwa kawaida huko huja ikiwa imezimwa.

Kwa hivyo fundi akimaliza, usitoe pesa kwanza. Kwenye Windows, tafuta Windows Security, ingia Firewall & network protection, uhakikishe kila aina ya mtandao inaonyesha kuwa fayawali imewashwa. Kama kuna programu inazuiwa na unaijua, mwambie fundi airuhusu hiyo moja tu. Na ukitumia Wi-Fi ya mkahawa, chagua Public, sio Private.

Tusidanganyane lakini. Fayawali haitakuokoa ukimtajia tapeli PIN yako kwa simu, wala ukifungua mwenyewe faili uliyotumiwa na mtu usiyemjua. Hapo mlinzi ni wewe.

Ila kompyuta unayowekea hesabu za malipo na namba za wateja haifai kulala mlango wazi. Printa ikikwama, utapoteza dakika chache. Mwizi akiingia, unaweza kupoteza mauzo ya mwezi mzima, pamoja na imani ya wateja wako. Iangalie leo kabla hujafunga duka.