Vitu vya kale vya Kasongo na Kabambare vinahitaji soko la mchana

Anayetafuta kinyago cha Maniema hana haja ya kufika Maniema. Mjini Bruxelles ataelekezwa mtaa wa Sablon, ambako kuna maduka ya sanaa za Kiafrika na soko la vitu vya kale kila mwisho wa wiki. Akiwa na fedha kidogo, ataelekezwa uwanja wa Jeu de Balle, penye soko la mitumba na vikorokoro kila siku asubuhi. Mjini Paris atasubiri Septemba, mwezi wa maonyesho ya Parcours des Mondes, ambapo wauzaji wa nchi mbalimbali hupanga vinyago na sanamu katika mtaa wa Saint-Germain-des-Prés. Huko majina ya Lega, Zimba na Boyo yanajulikana, na yana bei.

Mwenye kitu chenyewe, awe katika sekta ya Babuyu huko Kabambare au kijiji cha kando ya Kasongo, hana mtaa wa namna hiyo. Soko lake ni mlango wa nyumba yake. Mnunuzi akimfikia, humkuta peke yake, pengine wiki ambayo karo ya shule inadaiwa au kuna mgonjwa hospitalini. Hakuna bei ya jirani ya kulinganisha, hakuna shahidi wala karatasi. Mchimbaji dhahabu wa Salamabila, hata akipunjwa, anajua kwamba dhahabu ina mizani na bei yake hutajwa redioni. Sanamu ya babu haina mizani. Anayejua thamani yake ni mnunuzi tu.

Hali hiyo haitarekebishwa kwa kuwakataza watu kuuza. Inahitaji soko la wazi la vitu vya kale, mara moja kwa mwaka wakati wa kiangazi, Kasongo kwanza na Kabambare baadaye. Na meza ya kwanza kwenye soko hilo iwe ya daftari.

Soko si jambo geni kusini mwa Maniema. Kabla ya dola lolote la Ulaya kufika, soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba lilikusanya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakiwa na samaki, chumvi, vyungu na kuku. David Livingstone, aliyekwama Kabambare kwa miezi kadhaa kabla ya kufika hapo, alilistaajabia soko hilo. Ndiye pia aliyeshuhudia, Julai 15, 1871, watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani wakilimiminia risasi na kuua mamia. Tangu hapo funzo ni lile lile: soko lisilo na ulinzi wala sheria ni mtego.

Vitu navyo vimekuwa vikiondoka kwa njia zisizo za soko. Aprili 1893, majeshi ya Dhanis yalipoiteka Kasongo, mji uliokuwa makao ya Tippu Tip na baadaye ya mwanawe Sefu, daktari wa jeshi hilo, Sidney Hinde, aliandika kwamba walikuta vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, vikombe vya fedha na vya kioo, na pembe za ndovu za kiasi cha tani 25. Vilichukuliwa kama ngawira. Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ulipiga marufuku chama cha Bwami, ambacho Warega na baadhi ya majirani wao walikitegemea kwa mafunzo, vyeo na upatanishi. Chama kikifichwa, vifaa vyake hufichwa pia, na kilichofichwa ni rahisi kuibwa.

Leo Ubelgiji ina sheria ya mwaka 2022 inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa kutoka Kongo wakati wa ukoloni, yaani 1885 hadi 1960. Ni hatua njema. Lakini kinachouzwa mlangoni mwaka huu hakimo katika sheria hiyo. Wajukuu watakapokiulizia, wataambiwa kilinunuliwa kwa hiari.

Ndiyo maana daftari linatangulia. Kongo ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu Machi 1971, na mwaka 1974 iliridhia mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali hizo. Sheria hizo hazina meno mahali ambapo hakuna anayejua kitu gani kilikuwepo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ya simu, vipimo, jina la kijiji, jina la ukoo na maelezo ya mzee anayejua kazi ya kitu hicho vingetosha kuanzia. Nakala moja ibaki kwa mkuu wa sekta, nyingine Kindu, na ya tatu iende kwa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa mjini Kinshasa.

Baada ya daftari, vitu vigawanywe. Vitu vya nyumbani vya zamani, kama fanusi, cherehani, sarafu, redio, vyungu na milango ya kuchongwa, viuzwe kwa uhuru. Kazi mpya za wachongaji ziuzwe pia, zikiitwa mpya. Kinyago cha mwezi jana kilichofukizwa moshi ili kionekane cha miaka 100 kinamuumiza mnunuzi na mchongaji, maana jina la mchongaji hupotea. Vifaa vya Bwami na sanamu za mababu viandikishwe tu, visiuzwe. Katika Bwami, aliyeshika kifaa mara nyingi ni mtunzaji kwa niaba ya wenzake, na saini yake peke yake si saini ya ukoo. Pembe za ndovu nazo zisipewe meza kabisa, kwa kuwa biashara yake ya kimataifa imefungwa tangu 1990.

Wapo watakaopinga. Baadhi ya waumini, misikitini na makanisani, watasema kwamba sanamu ni ibada ya mizimu. Jibu ni kwamba kuandika kitu si kukiabudu, na historia ya Waislamu wa Kasongo imo katika daftari hilo hilo, kuanzia milango ya kuchongwa hadi magofu ya mji wa zamani pale Tongoni. Wengine watasema soko litavuta wezi. Mwizi hupenda mlango wa usiku kuliko meza ya mchana ambapo wazee wa ukoo wanapita na kutazama. Hoja nzito zaidi ni usalama na barabara: huko Kabambare vikundi vyenye silaha vimewafukuza watu makwao zaidi ya mara moja. Kwa sababu hiyo ni busara kuanza Kasongo mjini, na kuipeleka timu ya daftari Kabambare pale njia inaporuhusu.

Serikali ya jimbo haihitaji kujenga jumba kwa ajili ya haya. Inahitaji uwanja, siku tatu, polisi wa kuaminika, makarani wachache wenye simu, na amri inayosema kwamba kitu cha kale kikitoka kusini mwa Maniema bila karatasi ya soko kizuiliwe Kindu. Ushuru wa meza uwe mdogo na utangazwe mapema, maana ushuru wa kubahatisha utawarudisha watu mlangoni.

Wazee wanaoweza kueleza kazi ya kila kifaa wanapungua kila mwaka. Kiangazi kijacho kikipita bila daftari, kitapita na baadhi yao.